KULAZA KOMPYUTA UBAVU



Wengi wenu mliopita ofisini wiki hizi mmeona kwamba kompyuta ya chama, ile iliyokuwa ikisimama juu ya meza karibu na dirisha, sasa imelala ubavu chini ya rafu ya madaftari. Mmetuuliza kama imeharibika. Bwana mmoja alitupa pole kama mtu aliyefika matangani. Haikuharibika. Tumeilaza wenyewe, kwa makusudi, na namna ya kuilaza tulijifunza mbali sana na hapa, katika kijiji cha Chiwanda kilichoko ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Yafaa tuwaeleze jambo hili kwa urefu, maana ndani ya kasha lile mna hesabu ya karafuu za kila mmoja wenu, kilo kwa kilo, na mwenye mali ana haki ya kujua mali yake imewekwaje.

Tena wako wanachama ambao watoto wao wana mashine kama hizi nyumbani au dukani, na tumeona zaidi ya moja iliyolazwa ovyo, juu yake pana birauli ya chai.

Mtakumbuka kwamba mweka hazina wetu na katibu walisafiri kwenda Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, kutazama jinsi wakulima wa kahawa wa huko wanavyotunza vitabu vya uzani katika vyama vyao vya msingi. Habari za kahawa tulikwisha kuwapa katika mkutano. Jambo ambalo hatukulisema ni kwamba baada ya Mbinga tuliteremka mpaka ziwani, kwa sababu mwanachama wetu mmoja ana mpwa wake ambaye ni mwalimu Chiwanda, naye alituomba tumpelekee salamu na kifurushi cha karafuu na tende. Barabara ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay hushuka kwa mizunguko katika milima, na mtu aliyezaliwa kisiwani hushangaa kuona maji mapana mbele yake ambayo hayana chumvi wala hayajui bamvua. Ziwa hili mahali penye kina kirefu hupita mita 700. Chiwanda yenyewe zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Mbinga, na sasa imo katika wilaya ya Nyasa. Watu wake huvua, hulima muhogo, na hukausha dagaa juu ya chanja kama sisi tunavyoanika karafuu juu ya majamvi. Hata wasiwasi wao wa mvua ni mmoja na wetu.

Mwalimu alitupokea vizuri sana. Baada ya chakula akasema, "Mjomba aliniandikia kwamba nyinyi ni watu wa ofisi. Tafadhali njooni mwitazame mashine yetu, ina kifafa."

Tulidhani anafanya mzaha. Akatuchukua mpaka chumba kimoja kidogo cha matofali, ambamo kikundi cha akina mama, kile waitacho vikoba, huweka hesabu za akiba na mikopo yao. Kompyuta yao ilinunuliwa Songea ikiwa imetumika. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018, na tangu hapo watu wengi wa mkoa ule wamejipatia vyombo ambavyo zamani vilitaka jenereta. Kifafa chenyewe kilikuwa hivi: kila siku, jua likisha kupanda, mashine ilizimika ghafla katikati ya kazi. Ikipumzishwa huwaka, ikifanya kazi kidogo huzimika tena. Asubuhi mapema na usiku haikuwa na shida. Wengine walilaumu umeme, na wengine walilaumu aliyeiuza.

Tulipoitazama tuliona imelazwa ubavu juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha mpira, na juu yake palirundikwa madaftari manne makubwa na mhuri wa kikundi. Mwalimu alieleza kwamba hapo kwanza ilikuwa ikisimama, lakini chumba ni chembamba na watoto wa akina mama hupita mbio, na mara mbili ilianguka au kukaribia kuanguka. Basi siku moja mtu mmoja aliishika na kuilaza, ili yaishe.

Hatukuwa na elimu ya kutosha kumjibu, nasi hatuoni haya kukiri. Aliyetufundisha ni kijana mmoja fundi aliyeitwa kutoka Mbamba Bay, akaja kwa pikipiki na mfuko mdogo wenye bisibisi, brashi ya rangi, na kipande cha mpira. Yote yanayofuata ni maneno yake, pamoja na yale tuliyoyathibitisha sisi baadaye kwa kusoma na kwa kujaribu mashine ya chama.

Kwanza alituondolea hofu. Alisema kwamba kompyuta kulala ubavu si dhambi wala si ugeni. Kompyuta ya IBM iliyotolewa Marekani mwaka 1981, ambayo kwayo nyingi za leo zimetokana, ilikuwa kasha pana lililolala juu ya meza na skrini juu yake. Makasha marefu ya kusimama yalizoeleka baadaye. IBM yenyewe iliuza moja la kusimama sakafuni mwaka 1987. Kwa hiyo kulala ndiko kulikotangulia. Lililo muhimu ni kujua kwamba kasha lililotengenezwa lisimame lina ubavu wake wa kulalia, na ubavu mwingine usiolaliwa.

Hapa sisi tulielewa upesi kuliko mwalimu, maana sisi ni watu wa majahazi. Chombo kikipandishwa pwani ili kikwanguliwe na kupakwa shahamu, hakiachwi kijiangukie kinavyotaka. Nahodha huchagua ubavu, hutazama mchanga, huondoa mawe, kisha hutia magadi. Asiyefanya hivyo hupata mbao zilizopasuka. Kompyuta ni hivyo hivyo.

Fundi alizima mashine kwa njia yake ya kawaida, akachomoa waya wa umeme, akangoja kama dakika moja, ndipo akaigeuza. Akatuonyesha mgongo wake, pale panapochomekwa nyaya za kibodi na skrini. Alisema tutazame zile soketi zimejipanga karibu na ubavu upi. Upande uliozikaribia ndio upande wenye ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Katika makasha mengi, ukisimama mbele ya mashine, ubao huo uko upande wako wa kulia, na mlango unaofunguliwa uko kushoto. Lakini yako makasha yaliyotengenezwa kinyume, kwa hiyo mtu asikariri kulia na kushoto, atazame soketi.

Ubavu wenye ubao mkuu ndio uwekwe chini.

Sababu yake ni nyepesi. Juu ya ubao huo pamefungwa vitu vyenye uzito. Kipo kile kibao kidogo kinachofanya hesabu zote, ambacho ndicho sipiyu hasa, ingawa watu wetu huliita kasha zima kwa jina hilo. Juu ya sipiyu pana kipoza joto, yaani bonge la chuma lenye mapezi mengi, na feni juu yake. Pengine pana kadi ya picha, nayo ina bonge lake. Ubao ukiwa chini, vitu hivi hukaa juu yake kama chungu juu ya mafiga, uzito wote unashuka mahali pake. Hata kadi ya picha, ambayo katika kasha lililosimama huchomoza kando na kulemea soketi yake, sasa husimama wima na kupumzika. Ukiligeuza kasha ubavu wa pili, ubao unakuwa juu kama dari, na kila kitu kinaning'inia kichwa chini kama popo katika mkungu. Mashine itawaka, wala haitalalamika siku hiyo. Lakini vishikizo vya plastiki na soketi hubeba mzigo usio wao, na ikitikiswa, tuseme katika safari ya gari au mashua, kitu kinaweza kuchomoka.

Basi mashine ya Chiwanda ilikuwa imelazwa upande huo mbaya. Lakini hilo silo lililoleta kifafa.

Ule ubavu wa mlango, katika makasha mengi, una matundu. Ndiyo mapua ya mashine. Feni za ndani huvuta hewa baridi kwa mbele na ubavuni, na kuitoa yenye joto kwa nyuma. Kasha la akina mama lilikuwa limelalia matundu yake juu ya kitambaa cha mpira, mtu akilala kifudifudi na uso ndani ya mto. Fundi alipofungua mlango tuliona jambo ambalo sisi wa pwani hatujapata kuliona. Mapezi ya kipoza joto yalikuwa yamezibwa na kitu cheusi kama makapi ya chai, kimeshikamana na vumbi. Tukauliza ni nini. Akina mama wakacheka, wakasema, "Kungu hao."

Kungu ni vijidudu vidogo vya Ziwa Nyasa. Hukulia ndani ya maji, kisha hupanda juu kwa wingi wa ajabu, hata kwa mbali huonekana kama moshi unaotoka ziwani. Upepo ukivielekeza nchi kavu huingia majumbani na kuifuata taa. Katika nchi za ziwa lile watu huvikusanya, huvifinyanga mabonge na kuvila, na mzungu Livingstone aliandika habari zake katika karne ya 19. Sisi tulikaribishwa tukashukuru. Kwa mlaji ni kitoweo, lakini kwa mashine yenye feni na taa inayowaka usiku ni balaa, kwa sababu feni huvuta kila kinachoruka.

Hapa kwetu hatuna kungu, lakini mkulima yeyote wa karafuu ajua kwamba vumbi la makonyo halina mwisho, na kwamba hewa ya chumvi hushika vumbi likawa kama unga uliolowa. Tulipofungua mashine ya chama tuliporudi, hatukuwa na la kuwacheka watu wa Chiwanda.

Joto hili lataka kuelezwa kidogo. Kuna watu husema kwamba mashine ikilazwa hupata joto kwa sababu hewa moto hupenda kupanda juu. Ni kweli hewa moto hupanda, lakini nguvu yake ni ndogo mno mbele ya feni. Feni ikiwa nzima na njia ikiwa wazi, kulala au kusimama hakuleti tofauti ya maana. Kinacholeta joto ni kuziba njia. Nanyi mnajua karafuu mbichi zikirundikwa katika pembe ya ghala bila hewa hufanyaje: hupata moto zenyewe kwa ndani, huchacha, na rangi huharibika, wala hapana aliyewasha moto hapo. Sipiyu ikikaribia digrii 100 hupunguza mbio zake ili ijiokoe, na joto likizidi mashine hujizima. Kuzimika kule ni kinga. Mchana wa Chiwanda, chumba kikiwa kimekwisha kupata joto la jua, mashine iliyozibwa pua ilifika mpaka huo kila siku, na asubuhi haikufika.

Fundi alishika feni kwa kidole isizunguke, akasugua mapezi kwa brashi ya rangi, akapuliza. Hakugusa kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme, akatuonya tusikifungue kamwe, maana hukaa na umeme ndani hata baada ya waya kuchomolewa. Akatuonyesha pia kwamba baadhi ya visanduku hivyo, hasa vya zamani, vina kiswichi chekundu nyuma chenye kuandikwa 115 na 230. Umeme wetu Tanzania, Bara na Visiwani, ni wa volti 230. Mtu anayegeuza kasha huku vidole vikitafuta pa kushika aweza kukisukuma bila kujua, na akiwasha atasikia mlio na moshi. Basi mkimaliza kuilaza mashine, tazameni kiswichi hicho kabla ya kuchomeka plagi.

Kisha akakata kandambili kuukuu vipande vinne, vyenye unene wa wanda moja, akavibandika kwenye pembe za ubavu wa chini. Hayo ndiyo magadi ya kompyuta. Huinua kasha lisilalie meza, hupitisha hewa kidogo chini, na huzuia mtikisiko wa feni usilie mezani. Akalilaza polepole, ubao chini, mlango juu. Madaftari na mhuri vikahamia dirishani.

Hapa pana neno ambalo twaomba mlisome mara mbili. Mashine ikisha kulala vizuri, yale matundu ya mlango sasa yako juu. Kwa hiyo juu yake pasiwekwe kitu chochote: si daftari, si kitambaa cha kushonwa kwa mkono, si birauli. Chai ikimwagika juu ya kasha lililosimama huteleza pembeni. Ikimwagika juu ya lililolala huingia moja kwa moja kwenye ubao. Wala skrini isiwekwe juu kwa kuiga zile kompyuta za zamani. Zile zilitengenezwa zibebe mzigo. Bati la mlango wa kasha la kusimama ni jembamba, hubonyea, na matundu hufungwa. Ikiwa paa huvuja, au mijusi wa darini ni wengi, iwekwe chini ya rafu, lakini rafu iwe juu yake kwa shibiri moja hivi, hewa ipite. Sisi ndivyo tulivyofanya. Mbele na nyuma acheni kama nusu shibiri. Mkitaka kuifunika kwa kitambaa wakati wa kufunga ofisi, ifunikwe ikiwa imezimwa, na asubuhi kitambaa kiondolewe kabla ya kuwasha.

Tena kuna makasha ambayo kisanduku cha umeme kimewekwa chini, nacho huvuta hewa kupitia sakafu ya kasha. Kasha likilazwa, sakafu ile ya zamani inakuwa ubavu, na aliyelisukuma mpaka ukutani ameziba pua nyingine bila kujua. Kabla ya kulaza, pitisheni kiganja pande zote sita mkiwa mmewasha, muone wapi hewa inaingia na wapi inatoka, kisha zimeni, mkumbuke. Kazi hii haitaki fundi.

Mahali pa kutia sahani za CD au DVD pia pana shauri. Kasha likisimama, sahani hulala. Kasha likilala, sahani husimama kwa ukingo. Tazameni katika kile kitoto kinachotoka: kama kina vindoana vidogo pembeni, sahani itashikwa na vindoana hivyo. Kama hakina, itaanguka ndani na kukwaruzika. Vile visahani vidogo vya sentimeta 8 visitiwe kabisa mashine ikiwa namna hiyo. Siku hizi wengi hutumia flashi, kwa hiyo hatutarefusha.

Mashine ikawashwa saa nne asubuhi. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaingia, sisi tumeketi nje tukitazama mitumbwi, na kila baada ya muda mwalimu alikwenda kuchungulia kama mtu mwenye mgonjwa. Haikuzimika. Akina mama walifurahi, na sisi tukadhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Mwalimu alipofungua kitabu cha marejesho ya mikopo, mashine ilisita, ikatoa mlio mdogo kama kucha juu ya bati, na kitabu hakikufunguka. Fundi akauliza, "Siku ile ilipolazwa, ilikuwa imezimwa?" Watu wakatazamana. Ilikuwa inafanya kazi. Mwalimu alikuwa katikati ya kuandika, nafasi ikahitajika mezani, mtu akaishika ikiwa inawaka, akaiangusha ubavu kwa kishindo. Baada ya hapo miezi mitatu ya marejesho ilikuwa ikifunguka kwa shida, na sasa ilikataa kabisa.

Tueleze basi diski kuu ni kitu gani. Ndani ya diski za aina ya zamani, ambazo bado zimo katika mashine nyingi zilizotumika, mna sahani za kung'aa zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Juu ya sahani hupita kichwa cha kusomea na kuandikia, hakigusi, kimeinuliwa na upepo wa mzunguko wenyewe kwa nafasi ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Diski hiyo haijali ikilala wala ikisimama kwa ubavu. Waundaji wameitengeneza ifanye kazi pande zote. Mashine za miaka ya 1980 zilikuwa na shauri lake, watu waliambiwa waandae diski upya wakibadili ulalo, lakini jambo hilo limepita. Asilolistahimili diski mpaka leo ni kishindo wakati linazunguka. Kichwa hugonga sahani, na pale kilipogonga, maandishi yaliyokuwapo hayarudi. Ndiyo sababu fundi alizima, akachomoa, akangoja dakika moja sahani zisimame, ndipo akaigusa. Diski za kisasa za SSD hazina kitu kinachozunguka, nazo huvumilia zaidi, lakini hata hizo hazipendi mashine izimwe kwa kuangushwa.

Katika ile miezi mitatu iliyopotea palikuwa na jina la mama mmoja mjane. Alikuwa amekwisha kulipa mkopo wake wote, kwa dagaa, kidogo kidogo. Kitabu kilichofunguka ni cha nyuma, nacho kilionyesha kwamba anadaiwa zaidi ya nusu. Alikuwapo pale mlangoni na mtoto mgongoni. Hakusema neno, alitutazama sisi wageni, labda akidhani kwamba tumekuja na mashine itakayomwamini. Tumewaza sana juu ya uso ule. Mashine haikusema uongo kwa nia, ilisahau tu. Lakini kwa anayedaiwa, kusahau kwa mwenye kitabu ni sawa na kudhulumiwa.

Aliyemwokoa ni mweka hazina wa kikundi, mama mtu mzima, ambaye watoto wa shule walimcheka kwa sababu tangu kompyuta iletwe hakuacha kuandika katika daftari lake la mistari. Alikwenda nyumbani, akarudi na daftari limefungwa ndani ya kanga. Kila rejesho lilikuwamo, tarehe na kiasi, kwa mwandiko mkubwa wa kuinamia kushoto. Mwalimu aliketi akaandika upya mpaka usiku, yule mama akimsomea. Vilivyoweza kunakiliwa kutoka katika diski vikanakiliwa katika flashi, na fundi akasema diski ile isitumainiwe tena, ibadilishwe.

Mashine ya chama chetu nayo ni ya kusimama, na diski yake ni ya kuzunguka. Meza yake ni nyembamba, na wakati wa mavuno wachukuzi hupita na magunia mabegani. Mara mbili tumeiona ikiyumba. Basi tumeilaza, kama tulivyofundishwa: imezimwa, imechomolewa, ubao chini, mlango juu, miguu minne ya malapa, rafu juu kwa shibiri, nusu shibiri mbele na nyuma. Tulipoifungua tulitoa vumbi la kujaza kiganja, pamoja na vikonyo viwili vya karafuu ambavyo hatujui viliingiaje.

Nyaya zake pia tumezipanga upya, kwa sababu wakati wa kugeuza tuliona waya wa skrini umejipinda shingoni na ungekatika. Anayelaza kasha achomoe nyaya zote kwanza, asiligeuze nazo zikining'inia.

Tangu sasa kila Alhamisi jioni, kabla ya kufunga, vitabu vya uzani vitanakiliwa katika flashi mbili. Moja itakaa ofisini katika kisanduku cha chuma, na ya pili atakwenda nayo mweka hazina nyumbani kwake. Daftari la karatasi halitaondolewa, ingawa wako wajumbe waliopendekeza tuliache ili tuokoe gharama. Kwa hili sisi tumekataa, na tutaeleza sababu mkutanoni kama tutaulizwa. Kila mwanachama anayepima karafuu aweke sahihi yake katika daftari hapo hapo, si kesho.

Mara moja kwa miezi mitatu mlango wa mashine utafunguliwa na vumbi kutolewa. Siku hiyo ofisi haitapima wala kulipa mpaka adhuhuri, na tangazo litabandikwa mlangoni wiki moja kabla. Mwanachama mwenye mashine yake nyumbani akitaka kujifunza, aje siku hiyo na brashi yake.

Yule bwana aliyetupa pole alikuja tena Jumamosi. Tulimwonyesha mstari wake, uzani wote umo, akaridhika. Kisha akatafuta pa kuweka kikombe chake cha kahawa. Tumemwekea kigoda.